Miezi minane na EP Booster: pedali ya kitufe kimoja

Wiki ya kwanza nilijidanganya. Nilichomeka EP Booster ya Xotic, pedali (kisanduku cha kukanyaga kwa mguu) ya kupandisha sauti ya gitaa, kati ya gitaa na amplifaya, nikakanyaga swichi, nikapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya E, na chumba kizima kikajaa. Nikaizima, gitaa likasinyaa. Nikaiwasha, likafufuka. Mtu angeniuliza siku ile ningemwambia akanunue yake mara moja.

Nilichokuwa nikikisikia, kwa sehemu kubwa, ni sauti kupanda tu. Pedali hii ina kitufe kimoja cha kuzungusha, na inaweza kuongeza hadi desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa sauti), maana yake volti inayotoka ni mara 10 ya ile iliyoingia. Mimi sikuwa hata karibu na huko, lakini desibeli 2 au 3 zinatosha kumlaghai mpigaji. Zikiongezeka kiasi hicho, sikio halikwambii kwamba sauti imepanda, linakwambia imependeza. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hulisikia besi kwa shida, na ukiipandisha tu besi inajitokeza yenyewe bila mtu kugusa kitu kingine. Kwa hiyo ukijaribu pedali ya namna hii kwa kuiwasha na kuizima hapo hapo, unalinganisha vitu visivyolingana, na pedali itashinda kila mara.

Ilibidi nianze upya. Nilitafuta luupa, pedali inayorekodi na kurudia kipande, nikaiweka kabla ya EP Booster, nikarekodi kipande kifupi cha rithimu na kingine cha solo, ili vidole vyangu visibadilike kati ya jaribio na jaribio. Kisha nikapitisha vipande hivyo mara mbili, pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, nikaviingiza kwenye kompyuta na kushusha sauti ya vile vilivyopita kwenye pedali hadi vikalingana na vingine. Nikamwomba mwenzangu anipigie bila kunionyesha kipi ni kipi. Mara nyingi nilipatia. Lakini nilikosea pia, na naona ni haki kulisema hilo kwa anayefikiria kununua: tofauti ipo, ila ni ndogo.

Iko wapi basi? Kwenye nyuzi nene kuna uzito fulani unaoongezeka, si mngurumo, ni kama noti inakaa chini vizuri kabla ya kuondoka. Kwenye nyuzi nyembamba, ule ukali wa mwanzo, pale kidole kinapouachia uzi, unapungua makali kidogo. Gitaa langu lina pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja, na uzi wa kwanza ulikuwa ukinichoma masikio kila nilipopanda juu ya freti ya 12. Sasa hauchomi. Ni hayo tu, na kwangu yametosha kunifanya nisiizime tena.

Asili yake inaeleza mengi. Echoplex EP-3, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la Maestro, ilikuwa mashine ya mwangwi ya kutumia tepu. Tofauti na zile zilizoitangulia zilizokuwa na vali (mirija ya kioo ya kukuza sauti), hii ilitumia transista, na sauti ya gitaa ilipita kwenye saketi yake hata mwangwi ukiwa umefungwa kabisa. Wapigaji wakagundua kwamba gitaa lililopitia humo lilitoka limenenepa kidogo, na wengine wakaibeba mashine nzima kwa ajili ya hilo. Wapiga gitaa maarufu Jimmy Page na Eddie Van Halen ni miongoni mwa walioitumia EP-3. EP Booster imechukua wazo la saketi ile ya mwanzo, bila tepu wala mwangwi, ikaliweka kwenye kisanduku kinachoenea kiganjani.

Jambo la pili lililonisaidia halihusiani na toni ya Echoplex. Pikapu za kawaida, zisizo na betri, ni dhaifu kusukuma waya mrefu. Kila mita ya kebo inakula kidogo sauti za juu, na ukijumlisha kebo ya kutoka kwenye gitaa, vipande vya kati ya pedali na pedali, na ile inayokwenda kwenye amplifaya, unakuta mita 10 zimefika bila kujua. Gitaa linakuwa zito, kama limezibwa mdomo. EP Booster ikiwashwa, sauti inatoka ikiwa na nguvu ya kusukuma waya unaofuata baada yake. Ikizimwa hakuna msaada huo, maana kuizima ni kuunganisha waya moja kwa moja. Ndiyo maana nasema pedali hii ama iache imewashwa muda wote, ama usihangaike nayo.

Kuhusu mahali pa kuiweka, nimehamahama sana. Kabla ya pedali ya ovadraivu, ile inayokwaruza sauti, inaisukuma ovadraivu ikwaruze zaidi, sauti haipandi kwa kiasi kikubwa. Baada yake, mkwaruzo unabaki ule ule na sauti ndiyo inayopanda, jambo zuri wakati wa solo. Pedali ya fazi (ya mkwaruzo mzito) ya mtindo wa zamani nashauri itangulie, ikutane na gitaa moja kwa moja. Nilipoiweka EP Booster kabla ya fazi yangu, ile raha ya kupunguza sauti kwenye gitaa na kusikia mkwaruzo ukisafika ilipotea yote. Mwishoni nimeiacha baada ya ovadraivu na kabla ya mwangwi. Kwenye amplifaya ya vali hapo ndipo inaponipendeza zaidi: vali za mwanzo zinapokea kidogo zaidi ya zilivyozoea, na ukipiga kwa nguvu zinaanza kukoroma kwa upole.

Kuna wiki mbili nilizopoteza bure. Nilianza kusikia mvumo usiokoma, nikailaumu pedali, nikafungua kifuniko, nikakagua jeki (matundu ya kuchomeka waya) zote. Siku niliyotia betri ya volti 9 badala ya umeme, kimya kikarudi. Kosa lilikuwa la adapta moja niliyoigawa kwa pedali tano kwa waya wa matawi. Sasa kila pedali inapata njia yake ya umeme, na mvumo sijausikia tena. Ukiongeza sauti mwanzoni mwa mnyororo, kila uchafu ulioingia kabla unaongezeka nayo, kwa hiyo safisha umeme wako kabla ya kuhukumu pedali yoyote ya kupandisha sauti.

Inakubali pia volti 18, na nilijaribu. Sauti inakuwa safi zaidi ukipiga kwa nguvu, haibanwi. Nilirudi kwenye volti 9, kwa sababu ule ubanaji mdogo ndio niliokuwa nimeuzoea mkononi. Ndani kuna swichi ndogo mbili za kubadilisha mwelekeo wa toni. Kama gitaa lako lina pikapu nene za koili mbili, tenga jioni moja uzijaribu zote kabla ya kufunga skrubu.

Singemshauri ainunue mtu anayetafuta mkwaruzo, wala anayepiga kwa amplifaya ya kompyuta pekee, ambako kitufe cha sauti kwenye programu kitamfikisha karibu na pale pale. Anayepiga kwa amplifaya ya vali, kwa pikapu za koili moja, na pedali nyingi sakafuni, huyo namwambia aiazime kwa siku chache na aifanyie jaribio la sauti zilizolingana. Yangu imekaa kwenye robo ya mzunguko tangu mwezi wa tatu, na kitufe sijakigusa.