Kabla ya Kulipia Programu ya Fraktali, Kagua Kwanza Sehemu ya Rangi

Wanunuzi wengi wa programu za fraktali, yaani picha zinazochorwa kwa fomula za hesabu na ambazo umbo lake hujirudia kila unapozikuza, huanza kwa kuhesabu fomula zilizomo, na huko ndiko wanakopotelea. Seti ya Mandelbrot, fraktali maarufu kuliko zote, hutokana na fomula ileile popote ichorwapo, kwa hiyo kinachozitofautisha picha mbili za eneo moja ni rangi. Orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni urahisi wa kuhariri paleti, yaani seti ya rangi zinazotumika, pamoja na gradienti, yaani ukanda ambao ndani yake rangi moja hugeuka nyingine taratibu.

Nafasi ya kwanza naipa Ultra Fractal ya Frederik Slijkerman, inayotumika kwenye Windows na kwenye Mac. Gradienti yake ina nafasi 400, na mwisho wake huungana na mwanzo, hivyo rangi huzunguka bila kukatika. Ukivuta nukta moja ya rangi kwa kipanya, picha hubadilika papo hapo, kwa sababu programu huwa imehifadhi matokeo ya hesabu ya kila nukta ya picha na inachofanya ni kuyapaka rangi upya. Chukua mfano wa gradienti inayotoka buluu kwenda rangi ya chungwa: rangi hizo mbili zinapokutana katikati hupoozana, na ukingo wa mzunguko wa fraktali hubaki na utepe wa kijivu usiovutia. Dawa yake ni kuongeza nukta ya tatu hapo katikati na kuipandisha hadi nyeupe ya maziwa. Kijivu huondoka na ukingo huanza kung'aa. Kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi ikiwa matokeo unayaona palepale, lakini huchosha mno ikiwa kila jaribio linakulazimu kusubiri. Zaidi ya hayo, kila tabaka la picha lina gradienti yake, na gradienti hiyo inaweza pia kuamua sehemu zipi za tabaka zionekane na zipi zipenyeze kilicho chini yake. Kasoro yake kubwa ni kwamba si ya bure. Hata hivyo unaweza kuijaribu kwa siku 30, na kwa maoni yangu anayetengeneza picha tuli hana sababu ya kulipia toleo la bei ya juu.

Ya pili ni JWildfire ya Andreas Maschke, ambayo ni ya bure na hutumika kwenye Windows, Mac na Linux. Hii ni ya fraktali za miali, zinazofanana na miali ya moto, aina iliyobuniwa na Scott Draves mwaka 1992, na hapa mnunuzi anapaswa kuelewa jambo moja. Katika miali, rangi haipakwi baada ya hesabu kwisha. Kila badiliko la kihesabu, yaani kanuni inayoihamisha nukta kutoka mahali hadi mahali ili kuchora picha, hupewa mahali pake kwenye gradienti, kati ya 0 na 1, na nukta inayorukaruka huchanganya rangi kila inapopita. Ndiyo maana kubadilisha gradienti kwa kawaida hudai picha ichorwe upya, na ndiyo maana ubora wa picha ndogo ya majaribio una uzito kuliko urefu wa orodha ya vipengele. JWildfire inaweza pia kuchota gradienti kutoka kwenye picha yoyote uliyonayo, na picha ya machweo hutoa paleti nzuri kuliko nyingi zinazobuniwa kwa kubahatisha.

Chaotica naiweka ya tatu. Inachora miali kwa usafi wa hali ya juu, na mwangaza unaweza kuurekebisha wakati uchoraji ukiendelea. Lakini toleo lake la bure si la kazi za biashara, kwa hiyo anayekusudia kuuza picha ajiandae kulipa. Ya nne ni Apophysis, ya bure na ya Windows, yenye gradienti ya rangi 256 na vitelezi vya kuizungusha, kuikoleza au kuififisha. Ni kongwe, lakini kwa mwanafunzi inatosha kabisa.

Programu nyingine, XaoS, naipenda kwa kusafiri ndani ya fraktali, si kwa kupaka rangi. Kwa muda mrefu njia yake kuu imekuwa kubofya herufi P ili kupata paleti ya kubahatisha. Mtumiaji wa Linux atahudumiwa vizuri zaidi na Gnofract 4D, programu nyingine ya fraktali.

Kabla ya kulipa, hakikisha programu inasoma faili za .map zilizorithiwa kutoka Fractint, programu kongwe ya fraktali, kwa sababu paleti nyingi za bure zinazosambazwa ziko katika muundo huo. Ndani yake hamna siri: kila mstari una namba tatu, kuanzia 0 hadi 255, za nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo rangi moja iliyokosewa unaweza kuirekebisha hata kwa Notepad.