OBS Studio kwa laivu za harusi na mazishi Kampala: uzoefu wangu

Programu ninayorushia matangazo mubashara ni OBS Studio, na sijailipia hata shilingi. Nalitanguliza hilo maana kila ninapomaliza kazi na kuanza kukunja kebo, hakosekani kijana wa kuniuliza leseni nilinunua wapi na kwa bei gani. Hakuna leseni ya kununua. Ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, ambaye wengi humjua kwa jina la Jim, na hadi leo unaipakua bure kwenye tovuti yao, obsproject.com. Haibandiki nembo kwenye kona ya picha yako, haikukatizi katikati ya shughuli, haikuombi kadi ya benki. Ila ipakue hapo hapo kwao. Matangazo ya kulipiwa yanayojitokeza juu kabisa ukiitafuta mtandaoni yamewahi kutumiwa kusambaza nakala bandia zenye virusi.

Kazi yangu ni kurusha shughuli za watu: nikahi, ndoa za kanisani, kwanjula za Waganda ambapo binti humtambulisha mchumba wake kwao, mazishi, na Jumapili ibada ya Kiswahili ya kanisa moja pale Makindye. Watazamaji wangu si maelfu. Ni shangazi aliyeko Toronto, kaka aliye kazini Dubai, wajukuu walioko Minneapolis waliokosa nauli ya kuja kumzika babu. Watu hao husamehe picha yenye ukungu. Hawasamehi kusikia nusu ya dua. Kwa hiyo naipima programu hii kwa mambo mawili, sauti na uwezo wa kuhimili mtandao wetu. Mengine ni mapambo.

Mashine kwanza, kwa ufupi. Natumia laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Core i5, na kinachoiokoa ni Quick Sync, kile kipande cha ndani ya chipu ya Intel kinachobana video badala ya kuiachia prosesa kazi yote. OBS hukuruhusu kuchagua enkoda, yaani kinachobana video. Ukiiacha kwenye x264, enkoda inayotegemea prosesa, mzigo wote unabebwa na prosesa, na chini ya turubai saa nane mchana feni itavuma mpaka maikrofoni iisikie. Mwenye kadi ya picha ya Nvidia achague NVENC, enkoda iliyo ndani ya kadi hiyo. Mwenye laptopu ya zamani ya Windows 7, na bado zipo nyingi mjini, ajue kwamba tangu toleo la 28 la mwaka 2022 OBS haiingii tena humo, wala kwenye Windows ya biti 32.

Kamera huingia kwa kebo ya HDMI kupitia kile kidude cha kunasa picha kinachochomekwa kwenye USB. Vingi vya bei ya chini vinavyouzwa katika maplaza ya katikati ya Kampala vimeandikwa 4K kwenye boksi. 4K hiyo ni ya kuingia. Kinachotoka kwenda kwenye kompyuta ni 1080p, ubora wa chini ya 4K, kwa fremu (picha) 30 kila sekunde. Kwa kazi hizi inatosha na kubaki, ila usikubali kuuziwa kwa bei ya 4K.

Ndani ya programu unatengeneza sini, yaani mipangilio ya skrini unayobadilishana wakati wa kurusha, na ndani ya kila sini unapanga vyanzo: kamera, picha, maandishi, dirisha la kompyuta. Kwa mazishi huandaa sini ya picha ya marehemu na tarehe zake, ya kamera ya wasemaji, ya kamera pana ya waombolezaji, na moja ya "Tutarejea punde" kwa ajili ya zile dakika ambazo familia haitaki kuonekana. Hiyo ya mwisho usiisahau. Kuna vilio ambavyo si vya kurushwa.

Modi ya studio ndiyo iliyonifanya niachane na programu za simu. Dirisha hugawanyika mara mbili, kushoto unachokiandaa, kulia kinachokwenda kwa watu. Mchungaji anahubiri kulia, wewe kushoto unasahihisha jina la msemaji anayefuata herufi kwa herufi, na hakuna anayejua. Hili si jambo dogo Uganda: mheshimiwa akikosewa jina lake kwenye skrini, utaambiwa na ukoo mzima. Kuna mtego mmoja humo. Chanzo kimoja cha maandishi kikiwa kimewekwa pande zote mbili, ukikigusa kushoto na kulia kinabadilika papo hapo, mpaka uwashe lile chaguo la kunakili vyanzo lililo kwenye kigurudumu cha modi hiyo. Mimi naona lingekuja likiwa limeshawashwa.

Sasa sauti. Mikisa ya OBS, sehemu ya kurekebishia sauti, huonyesha kila chanzo kwa ufito wa rangi: kijani, kisha manjano kuanzia desibeli -20, kisha nyekundu kuanzia -9. Maneno ya mtu nayaacha yacheze kwenye manjano. Kila chanzo kina vichujio vyake, vikiwemo kompresa (husawazisha sauti kubwa na ndogo), limita (huzuia sauti isipite kiwango), geti (hunyamazisha sauti ndogo) na kipunguza kelele, na hivi vyote ni vya bure ndani ya programu ambayo yenyewe ni ya bure. Limita naiweka kila mahali bila kuuliza, kwa sababu MC wa harusi zetu hajui kushika maikrofoni bila kupiga kelele.

Kipunguza kelele kinataka uangalifu. Kina njia ya Speex na njia ya RNNoise, na RNNoise imefunzwa kutambua sauti ya mtu anayezungumza. Khutba ya nikahi inasomwa, jenereta linanguruma nyuma ya jiko. Unawasha RNNoise, jenereta linatoweka, shehe anabaki. Ukiisikia mara ya kwanza utacheka. Lakini dufu likianza, au kwaya ikipanda, navyo huhesabiwa kuwa kelele. Sauti inakatikakatika, inamezwa, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Kwa hiyo kidole changu kiko tayari kwenye kile kijicho kilicho kando ya jina la kichujio: kasida ikianza nakizima, maneno yakirudi nakiwasha. Kanisani sikiwashi kabisa.

Chanzo bora cha sauti si maikrofoni ya kamera. Ni meza ya fundi wa muziki. Mwombe akupe njia ya Aux, yaani njia ya pembeni ya kutolea sauti, si ile inayokwenda kwenye spika kubwa, ili akipandisha besi kwa ajili ya wachezaji asikuharibie matangazo. Ipitishe kwenye kadi ya sauti ya USB. Tundu la maikrofoni la laptopu halikutengenezwa kwa nguvu ile na litakukwaruzia kila neno. Ukishaunganisha hivyo sauti itatangulia picha, maana kidude cha HDMI huichelewesha video kidogo. OBS ina dawa: kwenye mipangilio ya ndani ya sauti kuna kisanduku cha kuchelewesha kila chanzo kwa milisekunde. Simamisha mtu mbele ya kamera apige kofi, rekodi, tazama, ongeza namba, rekodi tena, mpaka viganja na mlio vikutane. Kazi ya kuchosha, lakini ukiiruka wageni wa mbali watadhani mhubiri ametafsiriwa.

Kwenye nikahi moja Bombo, mama wa bwana harusi alikuja mezani kwangu kabla hata hajakaribisha wageni.

"Mwanangu, Toronto wanatuona?"

"Wanakuona, Hajati."

"Kuona wataona hata kwenye picha. Shehe wanamsikia?"

Nikampa hedifoni. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akanirudishia. Baki ya malipo yangu ilifika kabla ya pilau.

Mtandao ni habari nyingine, na hapa programu inaweza kukusaidia mpaka mahali fulani tu. OBS ina msaidizi wa kuanzia anayepima kasi yako na kukupendekezea mipangilio. Mfuate, kisha punguza. Yeye anapima saa nne asubuhi uwanja ukiwa na viti vitupu. Saa tisa kuna wageni mia tano, kila mmoja na simu mkononi, wote wananing'inia kwenye mnara uleule. Mimi hurusha 720p, ubora wa chini ya 1080p, kwa fremu 30, video kilobiti 2,500 kwa sekunde na sauti 128, kiwango kisichobadilika, fremu kuu (picha kamili ambayo zinazofuata huitegemea) kila baada ya sekunde 2. Sirushi 1080p hata mteja akiomba, labda ukumbi uwe na faiba na nimeipima mwenyewe. Kwenye simu ya shangazi tofauti haionekani. Kuganda kunaonekana.

Piga hesabu ya bando pia. Kiwango hicho hula takriban GB 1.18 kwa saa, kwa hiyo shughuli ya saa nne ni karibu GB 5 za kupakia, bila majaribio. Anayekwambia "utatumia hotspoti ya simu yangu" mpe hesabu hiyo kwanza, kisha umwone akikohoa.

Kitu ambacho ningekiweka wazi zaidi kama ningekuwa mmoja wa watengenezaji ni dirisha la takwimu. Limejificha kwenye menyu, na ndilo daktari wa matangazo yote. Linatenganisha fremu zilizopotea kwa sababu ya mtandao, zilizorukwa kwa sababu enkoda imeelemewa, na zilizokosekana kwa sababu ya kuchora picha. Watu wengi picha ikiganda hukimbilia kununua bando jingine kumbe ni laptopu iliyochoka. Fungua dirisha hilo, liweke pembeni, litazame kama dereva anavyotazama geji ya joto. Kuna pia chaguo la kuiacha OBS ishushe kiwango cha video yenyewe mtandao unapobanwa. Lipo kwenye mipangilio ya kina, huja likiwa limezimwa, na kwa mitandao ya simu naona ni wajibu kuliwasha. Picha inafifia kidogo, mazungumzo yanaendelea.

Upande wa YouTube yapo ya kuwahi. Akaunti ambayo haijawahi kurusha laivu huhitaji kuthibitishwa, na ruhusa inaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo mteja anayekupigia usiku kwa shughuli ya asubuhi kwenye chaneli mpya ya familia umwambie ukweli. Zima pia ule mpangilio wa kufunga matangazo yenyewe mawimbi yakikatika. Umeme ukienda, laptopu ina betri lakini ruta haina, na hadi uiunganishe kwenye UPS au simu ya akiba unakuta YouTube imeshaaga watu. OBS yenyewe hujaribu kuunganika tena bila kuambiwa. Na katika kwanjula, DJ anapopiga nyimbo za watu, YouTube inaweza kuzitambua nyimbo hizo na kuziba matangazo kwa picha ya onyo, kwa hiyo njia ya DJ mimi naiweka peke yake kwenye mikisa, niweze kuishusha bila kumgusa MC. Wageni wa mbali watamwona bibi akicheza kimyakimya, afadhali hivyo kuliko wasimwone.

Rekodi huku unarusha, tena kwa MKV, aina ya faili la video. MP4 ya kawaida umeme ukikatika katikati inaweza isifunguke kamwe. MKV hubaki na kila kilichonaswa mpaka sekunde ile, na ndani ya OBS kuna kitufe cha kuigeuza kuwa MP4 baadaye kwa dakika chache. Familia za mazishi huja kuiomba video hiyo hata baada ya mwaka.

Wenzangu wanaotumia vMix, programu nyingine ya kurushia matangazo, wananicheka kwamba bado niko kwenye kitu cha bure. vMix ina mambo mazuri kweli, marudio ya tukio kwa mfano yamekaa tayari, na anayerusha mechi za mpira simkatazi. Lakini ni ya Windows pekee na toleo kamili lina leseni ya kulipia, wakati OBS inakaa Windows, Mac na Linux. Kwa mtu mmoja mwenye kamera mbili na meza ya plastiki sioni cha kulipia. Anachokosa mtu wa OBS ni mahali pa kupiga simu akikwama. Hakuna huduma kwa wateja; kuna nyaraka, kuna jukwaa lao la watumiaji, na kuna subira yako. Menyu zake pia zimetungwa na mafundi kwa ajili ya mafundi, na mtu mpya akiachwa peke yake siku ya harusi atalia. Mpe wiki ya kuichezea nyumbani kwanza.

Lalamiko langu kubwa lililobaki ni kwamba OBS kama ilivyo hutuma mahali pamoja tu. Kila wiki yupo anayetaka YouTube na Facebook kwa mpigo, kwa kuwa ndugu walio nje wamezoea Facebook. Hapa Uganda Facebook imefungwa tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, kwa hiyo kuipelekea matangazo ni lazima upite VPN, na VPN hukupunguzia kasi ambayo tayari ni ya kubahatisha. Zipo plagini, yaani nyongeza za programu, za kutuma pande mbili, lakini kila upande ni kilobiti 2,500 nyingine za kupakia kwenye laini ileile. Mimi hutuma YouTube peke yake na kuwapa familia kiungo wakisambaze WhatsApp. Anayesisitiza Facebook namwandikia ankara yenye ruta ya pili na bando lake, na wengi wakishaiona hukubali kiungo.