Nilimpa siri, akaimwaga mbele ya mume wangu

Nilijiambia nisubiri hasira ziishe ndipo niandike. Haziishi. Basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mimi na mume wangu tulikwenda kwa mshauri anayesema anamshughulikia mtu kamili: si ugomvi wenu tu, bali mwili, roho, usingizi, kazi, mpaka namna mnavyopumua. Anaonana na wanandoa pamoja, halafu kila mmoja kwa wakati wake. Hapo kwenye kila mmoja kwa wakati wake ndipo tulipoungulia.

Kwenye kikao changu nilimweleza jambo ambalo hata dada yangu halijui: kwamba nilikwenda kuangalia chumba cha kupanga. Sikulipa chochote. Nilisimama tu katikati, nikakisia kitanda kingekaa upande gani, nikafunga mlango nikarudi nyumbani. Mshauri akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu daftarini. Hakuniambia siri ya mmoja inakaa wapi, wala siku ya kwanza hakutuambia sisi wawili. Nami sikuuliza. Nani anauliza? Mlango umefungwa, mko wawili, unajua ya humu yanaishia humu.

Wiki mbili hivi baadaye tumekaa wote. Mume wangu, ambaye ukimgusa tu anageuka ukuta, siku hiyo alikuwa anazungumza. Anasema anaona mambo yametulia. Mshauri akanigeukia, kwa sauti ile ile ya kubembeleza mtoto: "Na wewe dada yangu, ukisikia hivyo, kile chumba ulichokwenda kukiangalia unakifikiriaje sasa?"

Kile chumba! Mume wangu hakuniangalia mara moja. Aliangalia kwanza viatu vyake, kisha mikono yangu, uso ukawa wa mwisho. "Chumba gani?"

Na mshauri akafanya nini? Akafumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Hebu sote tusikilizie miguu yetu ilivyokanyaga sakafu."

Miguu, jamani. Nyumba inaungua, mtu anakuuliza habari za sakafu. Nilikuwa naisikia sana hiyo sakafu, naiomba ipasuke inimeze.

Kinachonikera zaidi, ni yeye mwenyewe aliyetufundisha, akimtaja mtafiti wa ndoa wa Marekani, John Gottman, kwamba moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, masikio yanabaki kuwa pambo, na mtu anahitaji angalau dakika 20 za kutulia kabla ya kuendelea. Nikatazama saa ya ukutani. Zimebaki 8. Zilipoisha akatuaga vizuri kabisa. Pale nje walikuwa wamekaa wenzetu wawili wanasubiri zamu, wameshikana mikono. Niliwahurumia.

Usiku ule nilisoma mpaka macho yakauma. Kumbe chama cha wataalamu wa tiba ya ndoa na familia cha Marekani, katika kanuni zake za maadili, hakimruhusu mtaalamu kumwambia mwenzako ulichosema peke yako mpaka umpe ruhusa ya maandishi. Wapo pia wanaoweka sharti tangu mwanzo kwamba hawatunzi siri ya upande mmoja. Hata hilo ningelikubali, mradi uniambie kabla sijafungua mdomo. Nilimwandikia. Akajibu kwamba alidhani niko tayari. Alidhani! Neno samahani halikuwemo.

Kwa hiyo msiende. Nilikaa chini kuandika hilo tu, kwa nyota moja.

Ila nikisema hivyo tu nitakuwa namdhulumu. Kabla yake nilipita kwa washauri wengine wawili, wote wakachimba utoto wangu, na mimi nikaendelea kuamka nimechoka na kufoka kwa sababu ya taulo lililoachwa kitandani. Huyu aliniuliza nalala saa ngapi, hedhi yangu ikoje, nikipanda ngazi pumzi inakatika? Akasema, "Kabla hatujasema ndoa imechoka, nenda ukapime damu." Nilikwenda. Damu pungufu, madini ya chuma yamekwisha kabisa. Nilimeza vidonge wiki kadhaa, na ugomvi wetu mwingi ukakosa mtu wa kuuanzisha. Tena hakunipa mizizi wala kunipaka mafuta, maana niliposikia "mtu kamili" hicho ndicho nilichokiogopa. Hata yale mazoezi ya kutoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta, nilikuwa nayacheka, lakini moyo unatulia kweli. Mume wangu huyafanya usiku akidhani nimelala.

Na habari ya chumba tuliimaliza nyumbani, karibu na alfajiri. Kuimaliza ni neno kubwa. Aliniuliza swali moja tu: "Kilikuwa na dirisha?" Nikamwambia ndiyo, dogo. Akanyamaza, ila si ule unyamavu wake wa ukuta. Pengine mimi mwenyewe nisingemwambia maisha yangu yote. Nikifika hapo napanda hasira upya, maana hata kama limetufaa, halikuwa lake kulisema. Na kama limetufaa bado sijui.

Ukiwa peke yako, nenda, anasikiliza kuliko wote niliowahi kukaa nao. Mkiwa wawili, muulizeni siku ile ile ya kwanza siri ya mmoja anaiweka wapi, na aiandike mbele yenu.

Mume wangu anataka turudi. Nimekubali, kikao cha peke yangu hapana, na akitaja miguu natoka. Nyota nilikuwa nimeweka moja, nikapandisha zikawa nne, nimesoma tena jibu lake sasa hivi. Mbili.