Mbegu za malisho na za kufunika udongo kutoka duka moja la Kadutu, baada ya kiangazi kizima

Duka hili liko karibu na soko la Kadutu, mjini Bukavu, miongoni mwa maduka ya pembejeo, na pamoja na mbegu za mahindi, maharage na kabichi huuza mbegu za malisho na za mimea ya kufunika udongo. Silitaji jina kwa sababu nina lawama moja dhidi yake, nami ningependa liendelee kuwepo. Mwezi wa tatu nilinunua hapo mbegu za fiwi, mukuna na desmodiamu, zote za jamii ya maharage, pamoja na vipandikizi vya tripsakumu, nyasi ya malisho, kwa ajili ya shamba langu dogo la mteremkoni upande wa Kabare, ambako nafuga mbuzi wanne, sungura, na simbilisi, ambao wengi wetu Bukavu tumezoea kuwaita kobaye.

Wakulima wa Ulaya hupanda rai na klova kabla ya majira ya baridi ili udongo usikae uchi na mifugo isikose majani. Kwetu adui ni kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane, na hasara yenyewe hutokea kinapoisha, pale mvua za kwanza za mwezi wa tisa zinapoupiga mteremko usio na jani na kuteremsha udongo wa juu hadi bondeni. Katika miezi hiyohiyo watoto hutembea mbali sana kutafuta majani kandokando ya barabara. Mmea unaobaki kijani shambani mavuno yakishatoka huokoa udongo na miguu ya watoto kwa pamoja, na ndiyo maana nilikuwa tayari kulipia mbegu ambazo jirani zangu waliziona kuwa anasa.

Fiwi ndizo zilizonifurahisha kuliko zote. Duka huziuza kwa gigozi, yaani kopo la kupimia, nazo zilikuwa safi, zisizo na matundu ya fukusi. Nilifunga punje 50 ndani ya kitambaa kibichi, na siku ya tano nilihesabu 46 zilizokuwa zimechipua. Mwezi wa nne, wakati wa palizi ya pili, nilizipanda katikati ya mistari ya mahindi, punje mbili kila shimo, kwa kina cha pingili moja ya kidole. Mahindi yalipovunwa, fiwi zilikuwa zimefika magotini na kuanza kupanda juu ya mabua, na mwezi wa nane, majani ya porini yalipokuwa yamekauka kabisa, zangu zilikuwa bado kijani kwa sababu mizizi yake huenda chini sana. Nilingʼoa mche mmoja ili niuchunguze. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo, na nilipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na rangi ya waridi, dalili ya kwamba bakteria walio ndani yake wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni ya hewani.

Sikati fiwi hadi chini; naacha kimo cha kiganja kimoja ili zichipue tena, kisha natandaza majani kivulini nusu siku kabla ya kuyagawa, kwa kuwa majani mabichi yenye umande huwaharisha sungura, na mbuzi akishiba majani mabichi ya jamii ya maharage tumbo lake huweza kujaa gesi. Kwa simbilisi jani la kijani ni jambo la uhai: mwili wao, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo anayewalisha nyasi kavu na maganda makavu kiangazi kizima atawaona wakidhoofika na kufa bila kuelewa sababu.

Kuhusu mukuna, mama mkwe wangu alikataa hata kuigusa, kwa kuwa ni ndugu ya upupu wa porini. Muuzaji alinionyesha maganda ya aina hii ya shambani, ambayo hayana vile vinyweleo vinavyowasha, na bila kuulizwa alinionya kwamba punje zake mbichi zina sumu kwa sungura na simbilisi. Namshukuru kwa uaminifu huo. Mukuna ilifunika udongo upesi kuliko mmea mwingine wowote, lakini huangusha mahindi ikipandwa mapema, kwa hiyo mahali pake ni kitalu kisicho na zao jingine.

Lawama yangu ni juu ya desmodiamu. Ni mmea wa thamani, kwani hulisha mifugo kwa miaka kadhaa, na harufu yake huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi. Mbegu zake ni ndogo sana na bei yake ni kubwa, nalo duka linazichota kutoka kopo lililo wazi, lisilo na tarehe.

“Papa, hizi ni za mwaka huu?” nilimuuliza muuzaji.

“Za mwaka huu, mama.”

Nilikosea kupanda nusu yake kabla ya kuzijaribu. Kati ya mbegu 100 nilizoweka kitambaani zilichipua 23 tu, na shambani hali ilikuwa mbaya zaidi. Niliporudi hakunirudishia pesa, ila alinipa fungu la vipandikizi, akanieleza kwamba shina la desmodiamu hutoa mizizi kwenye vifundo vyake. Vilishika vizuri. Hata hivyo, mbegu za bei hiyo zinastahili mfuko uliofungwa na kuandikwa tarehe.

Vilevile duka lingebandika ukutani karatasi inayosema mwisho wa kupanda. Nilimwona mteja akiuziwa mukuna mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaaga, na hakuna aliyemwambia neno.

Tripsakumu niliipanda kwa mistari inayokata mteremko. Ilichelewa kushika, kisha ikasimama imara, na mbuzi wanaipenda.

Mwezi wa pili nitarudi Kadutu kuchukua gigozi mbili za fiwi. Vipandikizi vya desmodiamu nitavikata kwenye mstari wangu mwenyewe.