Rejeta haikuvuja tena, ila injini imekwenda

Nimekaa na hasira hii tangu masika, leo naitoa. Kuna gereji moja pale Mwanga, Kigoma, ambayo madereva wanaisifia kwa kuziba rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini. Hata mimi nilielekezwa huko, tena na watu wawili nisiowatilia shaka. Msiende.

Canter yangu hupeleka mawese Tabora. Rejeta yake, ile ya zamani ya shaba, ilianza kuvuja. Fundi akakaa nayo siku mbili, akairudisha kavu kabisa. Akawasha injini pale uani, gari tupu, tukasimama dakika 20 hivi tukiutazama mshale wa joto. Ukatulia katikati. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema mirija ya maji iliyooza ameifunga midomo kwa risasi ya kulehemu. Nikamwambia, sasa mdogo wangu, mirija iliyofungwa si haipitishi maji tena? Gari haitachemsha ikiwa na mzigo? Akawageukia vijana wake, akacheka. "Mama, wewe uza mawese. Joto niachie mimi."

Nikalipa, nikaondoka. Hadi leo maneno hayo nayasikia nikilala.

Gari ilichemsha mlimani, kabla ya Uvinza, ikiwa na madumu 150. Dereva wangu alisimama, akangoja, akaongeza maji, akaendelea, akasimama tena. Kufika Tabora gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yamechanganyika na oili.

Shemeji yangu wa Tabora akanitafutia fundi mzee. Mzee akafungua tangi la juu la rejeta, akaniita tuhesabu wote. Mirija 78. Iliyozibwa 26. Theluthi nzima! Na mbele, mapezi, vile vibati vyembamba vilivyokunjwa katikati ya mirija, mengine yamelazwa na mengine yameng'olewa. Nilitetemeka.

"Mwanangu," mzee akaniuliza, "chai ikiwa ya moto nawe una haraka, unafanyaje?" Nikasema namimina kwenye kisahani. "Chai imepungua?" Haijapungua. "Basi kilichoongezeka ni uso unaokutana na hewa." Akaninyooshea mapezi. Maji hulikabidhi joto kwa chuma upesi, lakini hewa hulipokea kwa uvivu sana, ndiyo maana upande wa hewa hutandazwa vibati vingi hivyo. Mrija ukifungwa, vibati vyake bado unaviona, ila havina joto la kutoa. Rejeta ni pana vile vile kwa macho, kumbe inayofanya kazi ni theluthi mbili tu.

Na lile jaribio la uani? Halikupima kitu. Injini ikiunguruma bila mzigo huchoma dizeli kidogo, joto linalotakiwa kutolewa ni dogo, hata rejeta mbovu inalimudu. Ipandishe mlima na tani zake ndipo utaijua. Takriban theluthi ya joto la mafuta yanayoungua huangukia kwenye maji ya kupozea, na lote lazima lipite kwenye ule uso. Uso ukipungua, maji hupanda joto mpaka tofauti yake na hewa ifidie. Mzee alinifanyia hesabu ya haraka kwa chaki sakafuni: hewa nyuzi 30, maji 85, tofauti 55. Toa theluthi ya uso, tofauti inayohitajika inapanda hadi 82 na ushei, yaani maji yafike kama 112. Kwa mwinuko wa Kigoma maji yaliyo wazi huchemka kwenye 97 hivi. Mfuniko wa presha wa rejeta husogeza mbele kiwango hicho, lakini wangu ulikuwa umechoka.

Kijana mmoja akashauri tuweke rejeta nene, ya safu nne za mirija. Mzee akakataa. Safu ya nyuma hupata hewa iliyokwisha kupashwa na zile za mbele, kwa hiyo ukiongeza uso mara mbili hupati upoozaji mara mbili. Tukafunga nyingine ya kipimo kile kile, mirija yote wazi, mapezi yamenyooka. Gari imepanda mlima ule ule na mzigo ule ule, mshale haukusogea.

Sasa niseme haki. Mkono wa yule fundi wa Mwanga katika kulehemu ni safi. Halijavuja tone. Na mapezi ya chini yalikuwa na tope letu, hilo nalikubali. Mwenye mrija mmoja au miwili iliyotoboka pengine atahudumiwa vizuri, maana rejeta huwa na akiba kidogo. Kwa hiyo labda nilisema "msiende" kwa haraka.

Lakini hapana. Niliuliza swali lililo sahihi, nimesimama pale na pesa yangu mkononi. Angesema tu, "Mama, nimefunga 26, usibebe mzigo mzito mpaka upate nyingine," ningemshukuru. Alijua idadi. Aliziba mmoja mmoja kwa mikono yake. Msiende!

Rejeta ile nimerudi nayo Kigoma, iko barazani kwangu, tangi la juu limefunguliwa. Jumamosi naipeleka kwake, nitamwomba aihesabu mbele ya wale vijana waliocheka.