Chanzo cha masafa cha rubidiamu: atomu zimepewa haki yake, kwatzi imepunjwa

Kwa miezi 4 sasa kisanduku hiki, ambacho hakizidi ukubwa wa kamusi, ndicho kinachotoa masafa ya megahezi 10, yaani mitetemo milioni 10 kwa sekunde, kwa vipimo vyote vya mezani pangu. Wanunuzi wengi hudhani kwamba mawimbi yanayotoka nyuma yake huzalishwa na atomu, ilhali huzalishwa na fuwele ya kwatzi. Kazi ya atomu za rubidiamu-87 ni kuirudisha fuwele hiyo kwenye mstari kila inapopotoka. Taa ndogo humulika kichupa chenye mvuke wa rubidiamu, na masafa yaliyokuzwa kutoka kwenye kwatzi yanapofikia yale ya atomu, yaani gigahezi 6.834 hivi, mwanga unaopenya hupungua kidogo, na upungufu huo ndio unaoongoza usahihishaji.

Upande huo umebuniwa vizuri. Kifaa hujifunga kwenye atomu baada ya dakika 5 hivi. Nilipokilinganisha na kipokezi kinachoongozwa na GPS, wimbi moja lilichukua dakika 83 kulipita jingine kwenye kioo cha osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, ambayo ni tofauti ya sehemu 1 katika bilioni 50. Kisha nikakipindua juu chini, jaribio ambalo kwatzi huru haifaulu, kwa kuwa mvutano wa dunia huikandamiza fuwele upande mwingine na masafa yake hubaki yamehama: wimbi liliyumba, likateleza kidogo, likatulia palepale.

Tatizo ni kwamba usahihishaji huo ni wa polepole. Ndani ya sekunde moja kwatzi hujiendea yenyewe, na hapa imewekwa ya bei rahisi. Kwa kuhesabu masafa hutaona kasoro. Lakini anayeyazidisha hadi gigahezi 10 huongeza kelele ya fuwele, yaani kuyumbayumba kwake kudogo, kwa desibeli 60, na hapo hakuna atomu itakayomwokoa. Mimi nimelazimika kuongeza nje kwatzi nyingine iliyo ndani ya kijoko chake, jambo ambalo mtengenezaji angeweza kulimaliza mwenyewe. Bamba la kupoozea pia halikuja na kifaa, na bila bamba hilo kitako huwa cha moto kiasi cha kutoshikika.

Kuna udhia mwingine. Atomu ya sesiamu ndiyo inayofafanua sekunde tangu 1967, kwa mizunguko 9,192,631,770 ya mawimbi yake, lakini masafa ya kichupa cha rubidiamu husogezwa na gesi iliyotiwa humo, kwa hiyo kila kifaa lazima kirekebishwe kwa kulinganishwa na kingine, kisha kirekebishwe tena kadiri kinavyozeeka. Skrubu ya kubadilisha usumaku unaofanya kazi hiyo ipo, ila tundu lake limefunikwa kwa kibandiko cha dhamana, na dhamana yenyewe ina miezi 8 kabla ya kwisha. Bado sijakibandua.