Bati la sentimita 30: uzoefu wangu na "wataalamu wa posamu" wa Melbourne

Nyota mbili. Moja ni ya bati lenyewe, maana kuvisha shina la mti wa matunda bati ili posamu asipande ni njia inayofanya kazi kweli. Ya pili ni kwa sababu walifika siku waliyoahidi, na mwenye kuwajua mafundi wa mji huu hatalidharau hilo. Yaliyobaki ni hasira, na ninayo ya kuwagawia.

Kwa walio nje ya Australia: posamu ni mnyama wa usiku, mwenye mfuko wa kubebea mtoto, anayekwea na kupiga kelele gizani mithili ya komba wa pwani yetu. Katika vitongoji vya Melbourne wako wa aina mbili. Yule mkubwa, mwenye mkia wa manyoya mengi, huwa na kilo moja na ushei hadi nne na nusu, hulala darini au kwenye pango la mti na hushuka chini bila woga. Mdogo, mwenye mkia mwembamba wenye ncha nyeupe unaojikunja, kwa kawaida hafiki hata kilo moja. Huyu hujenga kiota cha majani na magome chenye ukubwa wa mpira, na barabara zake ni juu ya uzio na kwenye waya. Wote wawili hupenda machipukizi, maua, na tunda lililobakiza siku chache kuiva.

Kazi niliyowapa ilikuwa ndogo: mplamu, mpichi na mparachichi, kila mmoja avishwe bati. Wakaja na bati la upana wa sentimita 30.

Sentimita thelathini! Posamu mkubwa, ukiondoa mkia, ana urefu wa kati ya sentimita 35 na 55. Kucha za miguu ya nyuma zikishika gome chini ya bati, za mbele zinafika gome la juu kabla hajajinyoosha sawasawa. Bati hilo halimzuii, linamfanyisha mazoezi tu. Ndiyo maana kipimo kinachojulikana ni upana wa sentimita 60, na ukingo wa chini uwe sentimita 60 kutoka ardhini, ili wa juu ufike mita moja na sentimita 20. Chini ya hapo anaruka kutoka ardhini na kudaka gome la juu. Nadhani najua 30 ilitoka wapi. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza roli za bati jembamba la kuzibia mapaa, na upana huo ni wa kawaida. Unakata, unazungusha, unagonga, umeondoka. Kupata 60 ingebidi waunganishe vipande viwili au wanunue karatasi ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ambayo kwa bustani ya mbele ni nzuri zaidi kwa macho pia.

Nilipopiga simu, mtu wa ofisini alinijibu hivi: "Ulitaka sentimita 60 ungesema tangu mwanzo." Niseme mimi? Kwenye risiti wameandika "wataalamu" kwa herufi kubwa.

Halafu wakaligonga kwa misumari. Kwa miti ya jamii ya plamu na pichi, kila tundu la msumari ni kidonda, na mti hujibu kwa kutoa gundi ya rangi ya kaharabu hapo hapo. Shina nalo linanenepa. Bati lililopigiliwa halinenepi nalo, linaukaba mti. Linavyotakiwa kufungwa ni hivi: pima mzunguko wa shina, ongeza sentimita 10 au zaidi, pitisha ncha moja juu ya nyingine, kisha ziunganishe kwa springi mbili au tatu zinazotanuka shina likinenepa. Mkono upite juu ya kiungo bila kukwama popote, kwa sababu ukingo uliosimama ni ngazi ya kucha. Mara moja kwa mwaka lifungue, toa uchafu na unyevu uliojificha ndani, lirudishe. Na kabla ya kulifunga hakikisha hakuna mnyama wala kiota juu ya mti, usije ukamfungia huko huko.

Hata hayo yote ningeyasamehe kama wangetazama juu. Bati linafunga njia moja tu, ya shina. Tawi la mpichi wangu lilikuwa karibu kugusa uzio, na mparachichi ulikuwa chini ya ukingo wa paa. Posamu huruka. Panatakiwa nafasi ya mita moja na nusu, mbili ni bora, kati ya matawi na uzio, paa, waya, au mti mwingine usiovishwa bati. Kwa hiyo kazi huanza na msumeno wa kupogolea, bati ndiyo hatua ya mwisho. Na kama miti miwili imeshikana matawi, inahesabiwa kuwa mti mmoja: visha yote au acha yote. Hawakuniuliza hata ni posamu gani anayekuja. Yule mdogo hana haja na shina. Anapita juu kwa juu, na bila ile nafasi bati la upana wowote ni pambo kwake.

Wala hawakuuliza kama ni posamu kweli. Kwenye mlimau, ganda likimenywa na limau likabaki uchi linaning'inia, wa kwanza kumshuku ni panya wa darini. Tazama kinyesi: cha panya ni kidogo, karibu sentimita moja, kimechongoka, cha posamu mkubwa ni kirefu na kinene zaidi. Mtaalamu huinama akatazama. Hawa walitazama saa.

Hapo ndipo yule wa simu alipopata wazo la pili: kwa malipo ya ziada wangemnasa posamu na kwenda kumwachia msituni, "mbali kabisa". Naomba zile nyota mbili nizishushe ziwe moja. Hapa katika jimbo la Victoria posamu analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1975. Anayeruhusiwa kunaswa na mwenye nyumba ni yule mkubwa tu, tena anayeishi ndani ya jengo, na akinaswa aachiwe kwenye kiwanja hicho hicho, si zaidi ya mita 50 kutoka aliponaswa. Yule mdogo hanaswi kabisa. Sumu usiitaje. Na hata bila sheria, ni kutupa pesa: posamu ana eneo lake, ukimwondoa huyu, jirani yake anahamia, na aliyepelekwa msituni kwa wenyewe mara nyingi hufa. Mtu anayejiita mtaalamu ananiuzia kosa la jinai kwa sauti ya kunifanyia hisani! (Nyumba ya mbao ya kulalia posamu, iliyotundikwa mbali na matunda, ni halali na ina maana zaidi: mwenyeji uliyemziba dari na kumfungia mti atawazuia wenzake wasiingie.)

Mlimau wangu waliukwepa, na kwa hilo walikuwa sahihi. Mti unaotawanya matawi kuanzia magotini hauna pa kuvishwa bati. Huo ni wa neti. Lakini neti waliyotaka kuniuzia ilikuwa ile ya matundu makubwa. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, neti ya miti ya matunda ya nyumbani hapa Victoria lazima iwe na matundu yasiyozidi milimita 5 kwa 5 ikivutwa sawasawa. Jaribu kwa kidole: kikipita, irudishe dukani. Matundu makubwa hunasa mabawa ya popo wanaokula matunda, ndege, na posamu wenyewe. Chagua nyeupe, ionekane gizani, ivute ikaze juu ya fremu ili isilalie matunda, kisha uifunge kwenye shina au uibane chini kote. Neti iliyolegea ndiyo mtego. Na ukikuta popo amenasa usimguse kwa mkono. Waite waokoaji wa wanyamapori, maana wenye chanjo ya kichaa cha mbwa na glavu ni wao.

Walikuwa pia na kifaa cha kupiga sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Sitapoteza maneno. Kinyunyizio cha maji kinachowashwa na mwendo ni afadhali, ingawa mnyama hukizoea. Kihamishe mara kwa mara. Dawa ya vipande vya mti wa kwasia inasaidia majani: gramu 100 katika lita mbili za maji, chemsha saa moja, chuja, weka kijiko kikubwa cha sabuni ya maji, nyunyiza. Ni chungu mno, kwa hiyo ikae mbali na matunda utakayokula, na mvua ikinyesha anza upya.

Sasa nijikanushe. Fundi mwingine alipobandua takataka ile, akapogoa na kufunga bati la sentimita 60 kwa springi, mplamu haukuguswa tena. Haukuguswa! Plamu ziliivia mtini, jambo ambalo katika mtaa huu watu hulisimulia. Njia ni nyota tano, na ninaipendekeza kwa yeyote mwenye mti wa shina moja uliosimama peke yake. Kampuni ibaki na moja yake.

Au hapana. Nimeirudia karatasi yao ya dhamana ya miezi 12 wakati naandika haya, na chini kabisa, kwa maandishi ya kusoma kwa miwani, imesema dhamana hiyo "haihusu uharibifu unaosababishwa na wanyama". Kama hapa pangekuwa na sifuri ya kubonyeza, ningeibonyeza.